Kisa cha povu kinawachekesha wote, mimi kinaninyima usingizi

Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 24, nimemaliza shahada ya takwimu mwaka huu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Sikitaji, maana chuo hakina kosa katika haya. Kosa lina mwenyewe.

Mahafali yetu ni mwishoni mwa Novemba. Jioni ya siku moja kabla, darasa limeandaa kitu tulichokiita Usiku wa Kumbukumbu. Tumechanga shilingi 35,000 kila mtu, ukumbi umeshalipiwa Sinza, flana zinachapwa zenye majina yetu wote mgongoni, na kuna video ya picha tulizopiga tangu wiki ya usajili. Mimi nimepangiwa kupanda jukwaani kuwachekesha watu, na hapo ndipo nilipokwama.

Nianze nyuma kidogo. Mwaka wa kwanza nilifika chuoni bila mkopo na bila chumba. Kijana mmoja wa Makambako, tuliyepeana zamu ya kulinda mabegi kwenye foleni ya usajili, alipata vyote viwili. Wiki ya pili alinikuta alfajiri nimelala kwenye kimbweta, benchi la kusomea nje, begi nimelifanya mto. Akasema, "Twende." Hakuuliza kitu. Nikawa mbebwaji wake, yaani mtu anayelala kwa mwenye chumba bila chuo kujua.

Nadhani unajua kubebana kulivyo, Mama Mkubwa. Kitanda kimoja chembamba, watu wawili, mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu na yangu kichwani kwake, kwa zaidi ya mwaka. Bumu lake, ile pesa ya mkopo, likitoka tulikula kuku siku tatu, halafu wali maharage, halafu chipsi kavu, halafu pasi ndefu, yaani kuruka milo, mpaka bumu lingine. Mimi nilikuwa mwepesi kidogo kwenye probabiliti, nikamsaidia. Ila madesa yote, yaani nukuu za kusomea, yalikuwa yake, na yeye ndiye aliyekuwa akinivuta dole gumba la mguu saa kumi alfajiri twende kupiga msuli wa kusoma.

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, ukaja msako wa wabebwaji. Ilikuwa kama saa tano usiku. Niliposikia milango inagongwa chini, nikachomoka na taulo na ndoo ya mwenzangu, nikaingia bafuni mwisho wa korido, nikajipaka sabuni kichwa kizima. Kisha nikatoka hivyo hivyo, povu mpaka puani, nikakutana na wodeni, msimamizi wa bweni, na watu wake uso kwa uso. Nikasema, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba kijana, oga vizuri, maji yasije yakakatika." Nikampita. Nikashuka ngazi na ndoo yangu mpaka vimbwetani, nikalala huko na sabuni imenikaukia.

Asubuhi chuo kizima kilikuwa na kisa hicho. Tangu siku ile naitwa Povu. Mpaka mwalimu mmoja wa takwimu huniita hivyo akigawa karatasi. Kwenye flana nimeandikwa POVU, siyo jina nililobatizwa. Na sasa kamati inataka nipande jukwaani na taulo na ndoo ile ile, maana bado ninayo, niigize tukio lote. Mmoja atacheza wodeni, ameshatafuta na miwani. Ndiyo kilele cha usiku wetu.

Kisichosimuliwa ni chumbani kulikuwaje. Mwenzangu alikutwa na mito miwili, miswaki miwili, na viatu vyangu namba 44 chini ya kitanda, wakati yeye anavaa 40. Akaulizwa mwenzake nani, akasema hana. Akapewa mpaka Ijumaa amlete huyo mtu. Wakienda wote wawili, yataishia kwenye onyo na faini. Asipokwenda naye, chumba basi. Alinieleza haya kesho yake, akiwa ameniletea suruali. Nikamwambia nitakwenda.

Jumatano tulikuwa na testi. Alhamisi nikasema kichwa kinaniuma. Ijumaa nilipanda daladala mpaka Posta, nikashuka Kivukoni, nikakaa kutwa nikitazama pantoni ikienda Kigamboni na kurudi, simu nimeizima. Jumatatu alikuwa ameshatolewa.

Akahamia kwa shangazi yake Kibaha. Daladala mbili kuja, mbili kurudi. Vipindi vya saa moja asubuhi vikawa vinampita. Muhula uliofuata zikatoka nafasi za hosteli, nami nikapata, nikatulia kusoma. Yeye UE moja, mtihani wa mwisho wa muhula, alikuta mlango umeshafungwa. Akapata sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, mbili zikamshinda, akadisko, akaondolewa chuo. Alikuja mara moja kuchukua birika lake la umeme. Hakuniuliza habari za Ijumaa. Hata ndoo hakuiulizia. Sasa hivi yuko Makambako, anauza duka la pembejeo la kaka yake.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp watu walikuwa wanakumbushana kisa cha povu, kila mtu anaongeza chumvi yake. Nikaangalia waliosoma ujumbe wangu. Namba yake imo. Hajawahi kujitoa, na hakuna aliyekumbuka kumtoa. Amekuwa akisoma yote.

Tulianza 68, tunahitimu 59. Nimemwambia CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, kwamba hao tisa watajwe, hasa huyu, na jina lake liwe kwenye flana. Akaniambia, "Povu, usiwachafulie watu siku yao, hii ni sherehe ya waliomaliza." Sehemu yangu moja inaona ana haki. Nyingine inaniambia nipande jukwaani na ile ndoo, na badala ya kuchekesha niseme ukweli wote mbele ya darasa. Nyingine inaniambia nikae kimya, mambo yamepita, yeye mwenyewe hajalalamika.

Nifanyeje?

Povu, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Utanisamehe, mimi sitakuita Povu. Utaona kwa nini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, sifichi. Hiyo ya "oga vizuri, maji yasije yakakatika" ilinipata nikiwa na chai mdomoni. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nilishika kalamu nikapigia mstari maneno ambayo wewe umeyapita mbio: "zikatoka nafasi za hosteli, nami nikapata." Nafasi za hosteli katikati ya mwaka hazioti kama uyoga. Kitanda kinapatikana kwa sababu kuna mtu kaondoka juu yake. Sikuulizi ulipewa chumba kipi. Lakini mtu aliyenieleza namba ya viatu, testi ilikuwa siku gani na pantoni ilikuwa inaelekea wapi, akifika kwenye kitanda chake mwenyewe maelezo yanamwishia, basi na mimi naelewa.

Sikukaripii. Ulikuwa na miaka 22, umefika mjini huna mkopo wala pa kulala, na uoga wa kufukuzwa chuo naujua harufu yake. Ninachotaka tukitazame ni hiki kisa chenyewe, maana nadhani wewe unafikiri una tatizo la flana na jukwaa.

Mimi nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, niliingia mwaka 1988. Tulikuta hadithi zimetangulia. Tuliopangiwa mabweni tulipokewa na simulizi za Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Hadithi ile ilikuwa tamu. Ilikuwa na mabango, ina Ikulu, ina Mwalimu akipunguza mshahara wake mwenyewe kwa hasira. Tuliisimulia kama tulikuwepo, na wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa au tulikuwa tunanyonya. Wengi wa wale wanafunzi walirejeshwa baadaye, wakamaliza, wakawa watu wakubwa. Nilichokuja kukigundua uzeeni ni kwamba kila aliyetusimulia alikuwa mmoja wa waliorudi, au alisikia kwa aliyerudi. Ambao hawakurudi, sikuwahi kusikia hata mmoja akisimulia.

Halafu ikawa zamu yetu. Mwaka 1990 chuo kilifungwa, tukaambiwa tuondoke wote, tukaja kurudi mwanzoni mwa 1991. Mimi na mwenzangu wa chumbani tulipanda treni ya kati pamoja. Mimi nikashuka Dodoma, yeye akaendelea Tabora. Alinipungia mkono dirishani akiwa na kipande cha muhogo. Chuo kilipofunguliwa hakuja. Wiki ya pili kitanda chake kilipewa msichana mwingine, mcheshi sana, tukapatana, na tangu hapo sisi watatu wa ile korido tukawa na visa vyetu vya kufungwa kwa chuo: nani alibeba sufuria la uji likiwa la moto, nani alisahau viatu akapanda treni na kandambili za bafuni. Tumevisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye ubatizo wa watoto. Miaka mingi.

Nilikuja kukutana na yule aliyeendelea na treni kwenye harusi moja Tabora, sote tuna mvi. Alikuwa ameolewa mwaka ule ule wa 1990 akiwa nyumbani, na nauli ya kurudi ikawa haina mwenyewe. Tulikaa meza moja. Mimi kwa ujinga wangu nikaanza, "Unakumbuka lile sufuria la uji?" Akacheka. Akacheka vizuri tu, akaongeza na kipande ambacho sisi tulikuwa tumekisahau. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Kile kitanda changu cha dirishani alikichukua nani?"

Nilimwambia. Akatikisa kichwa, akala wali wake.

Sisi wanafunzi wa Mlimani wakati ule sote tulikuwa na anwani moja, S.L.P. 35091, Dar es Salaam. Aliijua kwa moyo, na alikuwa ameisubiri barua yenye anwani hiyo nyuma ya bahasha. Anwani ya kwao Tabora mimi sikuwa nayo. Sikuwa nimemuuliza, na treni nzima tulikaa pamoja.

Kwa hiyo ukiniambia "yeye mwenyewe hajalalamika", mimi nasikia muhogo dirishani. Mtu kutolalamika si kwamba mambo yamepita. Wakati mwingine anasubiri aone kama kuna atakayeuliza. Na huyu wako hata treni hajapanda, mwanangu. Yumo humo humo kwenye grupu, anasoma mnavyoongeza chumvi kwenye usiku aliopoteza chumba. Tiki za buluu ni zake. Angetaka kujitoa angejitoa, ni kubonyeza tu. Kwa nini hajajitoa sijui, na wewe usijifanye unajua. Ila usiniambie kwamba yuko mbali.

Sasa maswali yako.

La jukwaani kwanza, kwa sababu ndilo lenye tarehe. Usipande na ile ndoo. Usiigize. Na usipande kutubu pia, hapo najua ndipo moyo wako unapoelekea, kwa sababu kuna uzuri wa aina yake: taa zimepunguzwa, watu wametulia wakidhani wanakuja kucheka, halafu wewe unasema ukweli, wasichana wanalia, CR anakukumbatia. Utapigiwa makofi, mwanangu. Watasema Povu ni jasiri. Na kijana wa Makambako atakuwa ametumika mara ya pili, safari hii kwa machozi, tena video itarushwa kwenye grupu kabla hamjafika nyumbani, aione akiwa anapimia mtu mbegu. Kosa ulilifanya kwake peke yake, siyo kwa hao 58 wengine.

CR mwambie maneno machache: kisa hiki kina mwenyewe, sijapata ruhusa yake. Atanuna. Aliyetafuta miwani ya wodeni atanuna zaidi. Wapeni kitu kingine, miaka mitatu haikosi vichekesho. Ile siku bumu lilipochelewa mkachangia sahani moja watu wanne, ile siku ya kwanza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipopotea akaingia darasa la wahandisi akaandika nukuu saa nzima, haya kila chuo yapo na hayana maiti ndani yake.

Kuhusu wale tisa, CR wako ana nusu ya haki. Mahafali ni ya waliomaliza, joho halivaliwi kwa huruma. Lakini ninyi ni darasa la takwimu, na darasa la takwimu likisimama kusema "tulikuwa 59" wakati lilikuwa 68, aibu hiyo mtajibu wenyewe kwa walimu wenu. Kwenye risala iandikwe: tulianza 68. Namba tu, bila majina, bila sababu za mtu kuondoka, bila dakika ya ukimya kama kwamba wamekufa. Wako hai hao. Mmoja pengine anafanya kazi benki na anawazidi kipato, mjue na hilo.

Jina lake kwenye flana, hapana, mpaka yeye aseme ndiyo. Unamwandikaje mtu mgongoni mwa watu 59 bila kumuuliza? Angalia ulivyolipanga jambo hili: la flana unataka limfurahishe, la jukwaani unataka likutue mzigo, na katika yote mawili hakuna mahali umeandika kwamba umempigia simu. Barua nzima. Nimeitafuta hiyo sentensi sikuiona.

Basi mpigie. Usimwandikie kwenye WhatsApp, ujumbe wa namna hii ukishaandikwa huanza kujipamba. Piga, msalimie, mwambie unataka kumfuata Makambako, una jambo la Ijumaa ile. Sema hivyo hivyo, "Ijumaa ile". Ataelewa. Akikataa usimlazimishe, mwambie utapiga tena baada ya sherehe zenu, na kweli upige. Akikubali, nenda kabla ya mahafali. Siyo baada. Baada utakwenda ukiwa mhitimu anayetembelea asiyehitimu, na hata ukivaa kandambili itaonekana.

Ukifika, msimulie upande asioujua yeye. Ijumaa yeye anaijua kwa upande wa kusubiri mlangoni kwa wodeni. Hajui ulikuwa Kivukoni unatazama pantoni. Hajui kama ulizima simu au chaji iliisha, na kwa miaka hii miwili lazima amekupa visingizio vyote viwili kwa zamu. Mwambie. Mwambie na habari ya kitanda. Hiyo ndiyo itakayokuuma kuisema, nami nakuomba usiiruke kama ulivyoiruka kwangu.

Usimwombe msamaha kwa kumuuliza swali. "Umenisamehe?" ni swali linalomtaka mtu akufute machozi wewe. Sema umekosa, kisha nyamaza. Akitukana, pokea. Akicheka, usicheke haraka. Akisema "ah, ya zamani hayo, tule", kula, ila usiondoke ukidhani mmemaliza.

Kuna jambo la pesa ambalo sidhani umelifikiria. Lile bumu mlilokula kuku siku tatu ulikuwa mkopo, na mkopo wa Bodi ya Mikopo hausamehewi kwa sababu mtu hakumaliza. Siku akipata ajira rasmi atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe, kama utakavyokatwa wewe ikiwa ulikuja kupata mkopo baadaye. Tofauti ni kwamba wewe utakuwa unalipia shahada. Yeye atalipia chakula, na nusu ya chakula hicho ulikila wewe. Sikuambii uende na bahasha. Bahasha siku ya kwanza itafanana na nauli ya kumfunga mdomo. Lakini piga hesabu yako kimya kimya, si unazijua hesabu, na siku mambo yako yakikaa sawa na ninyi mmeshazoeana tena, mwambie unajua unadaiwa kiasi gani.

Na jingine: usimpelekee fomu. Najua ninyi wasomi wapya mlivyo, mtu hajamaliza kusema hujambo mmeshamfungulia tovuti ya udahili. Chuo Kikuu Huria kipo tangu miaka ya 1990, kina vituo mikoani, na mtu aliyekaa chuo miaka miwili hahitaji wewe kumwambia kwamba kipo. Labda anataka kurudi shule. Labda anaipenda biashara ile na takwimu zake za mwaka wa kwanza zinamtosha kujua mkulima yupi anakopesheka. Muulize anafanya nini, siyo lini atarudi. Akikuomba msaada wa kuandika barua au kufuatilia matokeo yake chuoni, hapo kimbia.

Kama ataniona mimi mjinga kwa kukutuma, sawa. Wapo watakaosoma hapa waseme Mama Mkubwa anafukua makaburi, vijana wamecheza utoto wao wa chuo, yaachwe. Nimelifikiria hilo pia. Ningelikubali kama mngekuwa mmenyamaza wote. Lakini ninyi hamjanyamaza, mnasimulia kila wiki, mmefika mpaka kuchapisha. Kisa kimechaguliwa kiwe kilele cha usiku na yeye ndiye mtu pekee ambaye hakuulizwa kama kinachekesha.

Na ndoo. Umeandika "ndoo ya mwenzangu" mwanzoni, na ulipofika ngazini imekuwa "ndoo yangu". Rudi kasome, sikukusingizii. Ile ndoo siyo yako. Hakuja kuiulizia alipofuata birika, nawe hukumpa, na umekaa nayo mpaka imegeuka kifaa cha maigizo. Safiri nayo. Tia nguo zako ndani, hutahitaji begi.

Mabasi ya Makambako yanaondokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Chukua la alfajiri, ni safari ya kutwa, na baada ya Mafinga baridi inaanza kung'ata, kwa hiyo beba sweta. Novemba ndio wakulima wa huko wanahangaika na mbolea ya kupandia, hasa hii ya ruzuku, na maduka ya pembejeo yanakuwa na foleni kutoka asubuhi. Huenda ukamkuta hawezi hata kukutazama vizuri. Usimkalie kaunta kuanza maneno yako mbele ya wateja. Weka ndoo chini, uliza mifuko inapakiwa wapi. Ni kilo 50 mmoja. Beba.

Mama Mkubwa